Moto hauui kila sumu: Je, uji wa mtoto wako umepimwa, na umepimwa nini?

Hivi karibuni nilikuwa mashineni nikisubiri zamu yangu ya kusagiwa. Mbele yangu alisimama dada mmoja mwenye mtoto mgongoni, wa miezi saba hivi. Alikuwa na ndoo ya mahindi na vifuko vya mtama, soya na karanga kwa ajili ya unga wa lishe. Msagaji alipochota yale mahindi kwa kiganja, vidole vyake vilibaki na vumbi jeupe. "Haya yana dawa," alisema. Dada akajibu kuwa mahindi yametoka kijijini kwa shemeji yake, na yalitiwa dawa ya dumuzi tangu mavuno. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye foleni akamtuliza: "Usihofu mwanangu. Wewe upike uji mpaka uive sawasawa. Moto unaua kila kitu."

Bibi yule alisema kwa nia njema. Tena kwa vijidudu vya kuharisha maneno yake ni ya kweli kabisa. Lakini, ndugu msomaji, dawa ya wadudu si kidudu. Haina uhai wa kuuawa. Ikikutana na moto, jua, maji au tumbo la mnyama, hubadilika ikawa kitu kingine. Wakati mwingine kitu hicho ni dhaifu kuliko dawa yenyewe, na wakati mwingine ni kikali zaidi. Leo tutazame jambo hili na namna maabara zinavyolitafuta katika chakula cha watoto wachanga, kwani mtoto hawezi kusema wala hawezi kukataa kijiko anachopewa na mama yake.

DAWA HUBADILI JINA

Dawa nyingi za shambani na ghalani ni kemikali zilizounganishwa kwa ustadi. Baada ya kupulizwa huanza kuvunjika. Mkulima hungoja siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chupa ndipo avune, kwa matarajio kuwa dawa imepungua kufikia kiwango kisichodhuru. Hilo ni jambo jema na wote tungelifuata. Lakini kupungua kwa dawa si lazima kuwe ni kupungua kwa sumu.

Chukua mfano wa dimethoeti, dawa inayopulizwa dhidi ya wadudu wanaofyonza majani. Ndani ya mmea sehemu yake hugeuka kuwa omethoeti, ambayo ni kali kuliko mama yake. Kloripirifosi, ikishaingia mwilini, hugeuzwa kuwa aina nyingine inayoshambulia mishipa ya fahamu kwa nguvu zaidi. Fipronili ikipigwa na jua huzaa kemikali nyingine yenye jina lake na sumu yake. DDT tunayoijua kwa vita dhidi ya mbu huvunjika na kuwa DDE, ambayo hujificha katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi.

Mwaka 1985 huko California, Marekani, watu zaidi ya elfu moja waliripotiwa kuugua baada ya kula matikiti maji. Walitapika, walitokwa na jasho jingi, wengine misuli iliwatetemeka. Chanzo kilikuwa aldikabu, dawa ya punje inayowekwa ardhini, ambayo haikuruhusiwa kabisa kwa matikiti. Mmea huinyonya dawa hiyo kwa mizizi na kuigeuza. Kilichokutwa ndani ya matikiti hakikuwa aldikabu yenyewe bali kemikali iliyotokana nayo. Maabara ambayo ingetafuta aldikabu peke yake ingeweza kusema tikiti ni salama, huku walaji wakiwa kitandani.

MATUFAHA YA MWAKA 1989

Kisa kinachomjibu moja kwa moja yule bibi wa mashineni ni cha matufaha, yale ambayo mtaani tunayaita maepo. Tangu miaka ya 1960 wakulima wa Marekani walitumia kemikali iitwayo daminozidi, iliyouzwa kwa jina la Alar. Haikuwa ya kuua wadudu. Kazi yake ilikuwa kuyafanya matufaha yasidondoke mapema, yaive pamoja, yawe mekundu na magumu, na yadumu ghalani. Hata hivyo ilisimamiwa na sheria ile ile ya dawa za mashambani.

Daminozidi iliingia ndani ya nyama ya tunda. Kuosha hakukuiondoa, na kumenya hakukuiondoa. Lakini tatizo kubwa lilianza kiwandani. Matufaha yalipochemshwa ili kupata juisi na rojo, sehemu ya daminozidi ilivunjika na kuwa kemikali ijulikanayo kwa kifupi kama UDMH, ambayo hutumika pia katika mafuta ya roketi. Katika majaribio ya panya kemikali hiyo ilisababisha uvimbe wa saratani. Moto, badala ya kuua sumu, uliizaa.

Na nani hasa anayekula rojo la matufaha na kunywa juisi yake kwa wingi? Ni mtoto mdogo. Februari 1989 shirika la kutetea mazingira la NRDC lilitoa ripoti kuhusu dawa katika vyakula vya watoto, na kituo cha televisheni cha CBS kikaitangaza nchi nzima. Wazazi walimwaga juisi, na shule zikaondoa matufaha mezani. Juni mwaka huo mtengenezaji akasimamisha uuzaji wake nchini humo kwa mazao ya chakula, na ilipofika Novemba serikali ikapiga marufuku matumizi hayo.

Ni haki tuseme kwamba wakulima wa matufaha walilalamika kuwa hofu ilikuzwa kupita kiasi, na wataalamu wamebishana kwa miaka juu ya ukubwa wa hatari ile. Lakini hakuna aliyebisha kuhusu kanuni mbili zilizojitokeza. Ya kwanza ni kwamba chakula kilichopikwa kipimwe kikiwa kimepikwa, kwani tunda bichi halikuonyesha yaliyomo ndani ya chupa. Ya pili ni kwamba kipimo cha mtu mzima hakimfai mtoto.

KWA NINI MTOTO HALINGANI NA SISI

Mtoto wa miezi sita ana uzito wa kilo saba au nane, na hunywa maziwa kiasi cha robo tatu ya lita kwa siku, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mtu mzima wa kilo 65 angelazimika kunywa lita sita na nusu ili amfikie. Tena sisi leo tunakula wali, kesho ugali, kesho kutwa ndizi. Mtoto hula chakula kile kile asubuhi, mchana na jioni, kutoka gunia lile lile, kwa miezi. Kama gunia lina kasoro, kasoro yote ni yake.

Aidha, ini lake bado halijakomaa. Kuna vimeng'enya vya damu ambavyo kazi yake ni kuzivunja baadhi ya dawa za wadudu, na mtoto mchanga anavyo kidogo kuliko mtu mzima. Na wakati huo huo ubongo wake unajengwa kwa kasi ambayo haitarudi tena maishani.

Mwaka 1993 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti kubwa kuhusu dawa katika mlo wa watoto, chini ya uenyekiti wa daktari wa watoto Philip Landrigan. Ripoti hiyo ilisema wazi kuwa mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Miaka mitatu baadaye, 1996, ikapitishwa sheria iliyotaka viwango viongezewe kinga ya mara kumi kwa ajili ya watoto, isipokuwa kama upo ushahidi wa kuaminika kwamba kinga hiyo haihitajiki.

KIPIMO CHA ULAYA

Umoja wa Ulaya nao mwaka 1999 uliweka kanuni moja fupi kwa maziwa ya kopo ya watoto na vyakula vya kulikiza: dawa yoyote ile isizidi miligramu 0.01 katika kilo moja ya chakula kikiwa tayari kuliwa. Kuelewa udogo wa kiasi hiki, fikiria malori 100, kila moja limebeba tani kumi za uji. Dawa inayoruhusiwa katika malori yote hayo kwa pamoja ni gramu kumi, sawa na vijiko viwili vidogo vya sukari.

Lakini wanasayansi walionya kuwa kwa dawa zenye sumu kali sana hata kiasi hicho ni kikubwa. Hivyo kukatengenezwa orodha ya pekee, na ndani yake masalia yaliyobadilika yametajwa kwa majina. Fipronili hupimwa pamoja na ile kemikali inayozaliwa na jua, na jumla yake isizidi miligramu 0.004 kwa kilo. Propinebu, dawa ya ukungu, hupimwa pamoja na kemikali inayotokana nayo, na jumla isizidi 0.006. Heptaklori na zao lake vimo katika orodha ya dawa zisizotakiwa kutumika kabisa katika mazao ya chakula cha watoto, na omethoeti tuliyoitaja juu imo humo pia. Kanuni mpya ya maziwa ya watoto, iliyoanza kutumika Februari 2020, imeendeleza msimamo huo huo.

NDANI YA MAABARA

Sasa tuingie maabara tuone kazi inavyofanyika, maana wengi wetu tukisikia neno "imepimwa" hudhani kuna mashine inayotumbukizwa unga na kutoa jibu la "salama" au "si salama". Mashine hiyo haipo.

Kwanza ni kuchukua sampuli. Pakiti moja iliyookotwa rafuni haitoshi kusemea shehena nzima. Huchukuliwa pakiti kadhaa, zikachanganywa na kusagwa laini ili kila kijiko kiwakilishe wenzake. Kosa likifanyika hapa, hakuna mashine itakayolisahihisha.

Pili ni kuitoa dawa ndani ya chakula. Mwaka 2003 Michelangelo Anastassiades, Steven Lehotay na wenzao walichapisha njia ambayo leo inatumika dunia nzima, iitwayo QuEChERS. Ni rahisi kiasi kwamba mpishi anaweza kuielewa. Unachukua gramu 10 za chakula, unaongeza mililita 10 za asetonitrili, ambayo ni kimiminika cha kuyeyushia, kisha unatikisa kwa nguvu. Chakula kikiwa unga mkavu hutiwa maji kwanza. Halafu unaongeza gramu 4 za magnesi salfeti na gramu 1 ya chumvi, unatikisa tena na kuzungusha katika mashine ya mwendo wa kasi. Chumvi huyafukuza maji, dawa hubaki katika asetonitrili juu, na makapi hutuama chini. Kile cha juu husafishwa kuondoa mafuta na rangi.

Tatu ni kutenganisha na kutambua. Kimiminika kile huingizwa katika mrija mwembamba mrefu ambamo kila kemikali husafiri kwa mwendo wake. Zikitoka upande wa pili, moja baada ya nyingine, mashine huzivunja na kupima uzito wa vipande vyake. Vipande hivyo ni kama alama za vidole.

Hapa ndipo penye siri kubwa ya makala haya. Polisi mwenye alama za vidole hawezi kumtaja mwizi ambaye hayumo katika faili lake. Maabara nayo lazima iwe na kemikali halisi, safi, ya kila kitu inachokitafuta, ili ilinganishe. Ikiwa maabara ina dimethoeti lakini haina omethoeti, itaandika kiasi cha dimethoeti na kunyamaza kuhusu omethoeti. Haitakuwa imesema uongo. Itakuwa imejibu swali iliyoulizwa.

Nne ni kujikagua. Wapimaji huchukua chakula kisicho na dawa, hukitia dawa kwa kiasi wanachokijua, kisha hukipima kama sampuli nyingine. Wakitia mia wakapata arobaini, njia yao ina walakini. Kwa kawaida jibu linalokubalika ni kati ya asilimia 70 na 120.

Zipo kemikali zinazoikwepa njia hii. Mankozebu, dawa ya ukungu ya unga unaoyeyushwa majini, ni miongoni mwa dawa zinazotumiwa sana na wakulima wetu wa nyanya na viazi. Hupimwa kwa kuichemsha katika asidi na kukamata gesi inayotoka. Lakini mankozebu ikipashwa moto jikoni au kiwandani huzaa kemikali iitwayo kwa kifupi ETU, ambayo hudhuru tezi ya shingo, ile tezi ambayo homoni zake huujenga ubongo wa mtoto. ETU haionekani katika kipimo kile cha gesi, na kwa kuwa inapenda mno maji, QuEChERS pia haiikamati vizuri. Inahitaji kipimo chake peke yake. Kwa hiyo supu ya mboga ya mtoto inaweza kupita vipimo viwili vizuri na bado tusijue kitu kuhusu ETU. Mwishoni mwa 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoongeza muda wa idhini ya mankozebu.

"HAIKUONEKANA" SI "HAIPO"

Neno lingine la kuelewa katika cheti cha maabara ni "haikuonekana". Maana yake ni kwamba kama ipo, basi iko chini ya kiasi ambacho mashine ile inaweza kukiona kwa uhakika. Mashine inayoona kuanzia miligramu 0.05 kwa kilo itaandika "haikuonekana" hata kama dawa ipo mara tatu au nne zaidi ya kipimo cha 0.01 cha watoto. Kwa mboga za watu wazima cheti hicho pengine kinatosha. Kwa uji wa mtoto hakitoshi. Anayesoma cheti aulize mambo matatu: mlitafuta kemikali zipi, masalia yake yaliyobadilika yalikuwemo, na mashine yenu inaona kuanzia kiasi gani?

FUNZO LA MAZIWA YA 2008

Wengi tunakumbuka mkasa wa maziwa ya China wa mwaka 2008. Watoto wapatao laki tatu waliugua, wengi kwa mawe ya figo, na sita walikufa. Wafanyabiashara waliyaongeza maji maziwa kisha wakatia melamini, kemikali ya kutengenezea vyombo vya plastiki ngumu. Kwa nini melamini? Kwa sababu kipimo cha protini kilichotumika hakikupima protini yenyewe bali naitrojeni, na melamini imejaa naitrojeni. Waliijua mashine inauliza swali gani, wakaipa jibu iliyolitaka. Bidhaa za kampuni mbili miongoni mwa zilizohusika zilikuwa zimeuzwa nje, na Burundi na Yemen zilikuwa kati ya nchi zilizozipokea.

Kuna jambo ambalo halikuzungumzwa sana. Melamini ni pia zao la kuvunjika kwa siromazini, dawa ya kuua funza wa nzi katika mabanda ya kuku na katika mboga. Kwa hiyo maabara ikikuta chembe kidogo za melamini inabidi ijiulize: hii imetiwa na mwizi, imetoka kwenye chombo, au imetokana na dawa ya nzi? Mwaka 2010 tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex, iliweka kikomo cha miligramu 1 ya melamini kwa kilo ya maziwa ya unga ya watoto. Wale wa China walikuwa wametia zaidi ya hapo kwa mbali.

HAPA KWETU

Kwa upande wa Tanzania Bara, usalama wa chakula uliokuwa chini ya TFDA ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Dawa za mimea zinasimamiwa na mamlaka ya TPHPA yenye makao yake Arusha, iliyochukua nafasi ya taasisi ya zamani ya TPRI kufuatia sheria ya mwaka 2020. Ipo pia Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ndugu zetu wa Kenya wana KEBS na KEPHIS. Hatuko gizani, na vijana wetu waliosomea kazi hii wapo.

Lakini tuseme ukweli kuhusu njia ambayo chakula cha mtoto wetu hupita. Maziwa ya kopo yenye nembo hupita bandarini, na mtu wa kuyauliza maswali yupo. Unga wa lishe wa nyumbani hutoka shambani kwa shemeji, hupita mashineni, huingia sufuriani. Hakuna mlango hata mmoja kati ya hiyo wenye mpimaji. Baadhi ya mavumbi ya kuhifadhia mahindi yana pirimifosi-methili iliyochanganywa na permethrini. Yameruhusiwa kwa kazi hiyo, lakini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Anayemwaga kwa kukadiria, au anayerudia kutia dawa kila akiona kidudu, ameondoka kwenye kipimo na hakuna anayejua kilichobaki.

Na wako wanaosaga lishe kibiashara, wakiifungasha na kuibandika picha ya mtoto mnene. Hao waulizwe. Si vibaya mama akamuuliza muuzaji: mahindi yako yamehifadhiwa vipi, na unga huu umepimwa nini? Muuzaji mwema atafurahi kuulizwa, na wakiulizwa na wateja kumi kwa siku watapeleka sampuli maabara bila kusukumwa na mtu.

VIPI MAZIWA YA MAMA?

Najua swali linalofuata. DDE na wenzake huonekana pia katika maziwa ya mama. Ni kweli, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likiyapima maziwa ya kina mama wa nchi mbalimbali tangu mwaka 1987. Katika nchi zilizoacha DDT kiasi kimeshuka sana. Na pamoja na kuyaona yote hayo, ushauri wa shirika hilo haujabadilika: maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha yaendelee pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Muda wa miaka miwili msomaji wa ukurasa huu hahitaji kukumbushwa. Mama asimwachishe mtoto kwa hofu ya makala haya. Kuhara kunakotokana na chupa chafu kunaua watoto kwa uwazi zaidi kuliko chembe za DDE.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Mahindi na nafaka za mtoto zitengwe tangu mavuno, zisitiwe dawa. Zikaushwe vizuri na zihifadhiwe katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu waliomo hufa kwa kukosa hewa, bila dawa yoyote. Kwa familia inayotumia debe moja au mawili kwa mtoto, hili linawezekana.

2. Ikiwa mahindi yaliyopo yametiwa dawa, yapepetwe nje mbali na watoto, yaoshwe kwa maji mengi mara kadhaa, yaanikwe, kisha yakobolewe kabla ya kusagwa. Dawa nyingi ya ghalani hukaa juu kwenye ganda na huondoka na pumba. Pumba hiyo usimpe kuku unayetegemea mayai yake kwa mtoto.

3. Mbegu za dukani zenye rangi nyekundu, kijani au bluu si chakula. Hata zikioshwa rangi ikatoka, zisiliwe na mtu wala mnyama.

4. Nyanya, karoti, viazi na mchicha vioshwe kwa maji yanayotiririka huku ukisugua, na vinavyomenyeka vimenywe. Hii haiondoi dawa iliyoingia ndani, lakini huondoa iliyobaki juu kabla haijafika motoni kugeuka.

5. Badilisha. Wiki hii uji wa mtama, wiki ijayo ulezi, siku nyingine viazi au ndizi kutoka wauzaji tofauti. Kasoro ya gunia moja isiwe mlo wa mtoto wa miezi sita mfululizo.

6. Wewe mkulima, heshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna. Usichanganye dawa mbili tatu kwenye bomba moja kwa kubahatisha. Na chupa ya dawa isigeuzwe chombo cha mafuta ya kula au maji, hata ikioshwa kwa sabuni mara saba.

7. Usiache kumpa mtoto mboga na matunda. Mtoto anayenyimwa mboga kwa kuogopa dawa amepata hasara ya uhakika kwa kukimbia hasara ya shaka.

Mtoto akianza ghafla kutokwa na mate mengi, jasho, kutapika, kutetemeka au kupumua kwa shida baada ya kula, akimbizwe hospitali mara moja, na chakula alichokula kichukuliwe pamoja naye. Chakula hicho ndicho sampuli ya kwanza ya maabara.

Nirudi mashineni. Dada yule alisikiliza pande zote mbili, kisha akafunga ndoo yake. Alinunua kilo mbili za ulezi kwa muuza nafaka wa jirani baada ya kumuuliza mara mbili kama una dawa, na mahindi akarudi nayo akayakoboe ya wakubwa. Bibi naye hakukasirika. Alitikisa kichwa, akasema enzi zao mahindi yalining'inizwa juu ya meko yakapigwa na moshi, na dumuzi huyo hawakumjua.

Alikuwa na haki bibi. Enzi zao kilichokuwa kikiogopwa ndani ya chakula kilikuwa hai, na moto ulikiweza. Vya leo vingine havina uhai, na ndio maana sisi wa leo inatupasa kuuliza zaidi ya walivyouliza wao. Mwenye kuuza chakula cha mtoto akikuambia kimepimwa, mshukuru, kisha muulize: kimepimwa kutafuta nini?